Wanawake Waliokataa Kutwikana

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Kusimama mbele yenu siwezi. Nimeandika, na mwalimu atanisomea.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, nilichukuliwa kutoka kijiji cha Mnyambe. Askari wa Mdachi walitaka wanawake wa kubeba chakula cha jeshi, kukitwanga na kukipika. Watu husema vita ni vya wanaume. Ndugu zangu, wanaume wale walikula kwa shingo zetu.

Mzigo wa mtama ulikuwa mzito, hakuna aliyeweza kujitwika peke yake. Kila asubuhi tulitwikana, huyu kwa huyu. Mimi nilikuwa mwoga wa kusema hata wenzangu wakaniita Kimya. Aliyenifundisha kutembea na mzigo bila kuyumba ni Mama Zuhura. Mumewe alikuwa askari, yuko mbele vitani. Naye alikuwa na mimba kubwa.

Tulikuwa tumeteremka kutoka Kitangari kuelekea Masasi, uchungu ukamshika porini. Tukatua mizigo. Shaushi, mkubwa wa askari waliotulinda, akautazama msitu.

"Mwacheni huyo. Adui yuko nyuma yetu. Twikaneni, twende."

Kumwacha pale ni kumwua. Mama Zuhura akanishika mguu.

"Mwanangu, usiniache."

Nikaomba moyoni: Bwana, nipe neno. Kisha nikakaa juu ya mzigo wangu.

"We Kimya, simama!"

"Hatutwikani, Shaushi."

Sauti ilikuwa yangu. Kiboko kikanipata mgongoni, sikuinuka. Wenzangu nao wakakaa, mmoja baada ya mwingine. Shaushi akanyanyua mzigo, akamtwika mama mmoja kwa nguvu. Mama yule akalegeza shingo, mzigo ukaanguka.

"Beba mwenyewe, baba," akamwambia. "Shingo unayo, tena nene."

Askari wakacheka. Walijua kwamba bila sisi watalala na njaa. Shaushi naye alijua. Akawageuza askari wake walinde upande wa msitu.

Tulimzungushia Mama Zuhura nguo zetu. Yeye akiita "Ya Rabi," mimi nikiita "Bwana Yesu," na adui hakutokea. Mtoto wa kike akalia, mama yake akaomba maji ya kunywa. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolia na mimi.

Mzigo wake tukaugawana. Nikawatwika wenzangu wote, nikabaki mimi. Shaushi akaweka bunduki chini, akanitwika taratibu.

Tuliingia Masasi sote, hakuna aliyebaki porini. Sikushika bunduki, lakini nilitumika vitani, na kulisema hilo sioni haya. Namshukuru Mungu aliyenitoa katika woga siku ambayo woga wangu ungemwua mtu. Na wewe uliyezoea kunyamaza, mtegemee yeye. Hadai hotuba. Fungua kinywa tu, yeye atakijaza.