Joto la Ndani ya Intumba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Pito na hapa Milanzi, wanafunzi, na wewe Mwalimu Edith Masanja tunayekuaga leo: shikamooni wakubwa, wengine habari za mchana.

Nimeombwa mimi, Teodori, nimsifu Mwalimu Edith. Nimekubali, ingawa moyo ulikuwa mzito.

Miaka kumi na tisa nafundisha baiolojia katika shule hii. Wanafunzi walikuwa wakiniletea mimi wadudu kwenye chupa. Akaja huyu mwalimu wa fizikia kutoka Mwanza, na muhula wa kwanza tu chupa zikahamia mezani kwake. Niliumia, ndugu zangu, niseme nini kingine?

Na alichowafundisha kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliwaambia kwamba kiwavijeshi vamizi hakui kwa kalenda, anakua kwa joto. Chukua joto la kila siku, lijumlishe, na jumla ikifika kiasi fulani, pupa aliyelala ardhini anatoka nondo, anataga, na viwavi wanaingia kwenye mahindi. Mstari mmoja wa hesabu ubaoni, na maisha yote ya mdudu yamo. Mimi nimemchora mdudu huyo miaka yote, kwa rangi tatu. Kwa nini sikuwaza hivyo mimi?

Februari mwaka jana akawatangazia wakulima wa Pito siku ya kuanza kupiga dawa. Viwavi wakatangulia siku nane. Dada yangu Agnesi alipoteza ekari nzima. Watu wakamcheka Edith, naye akaikagua hesabu yake wiki nzima asione kosa. Mimi kosa nililijua hata kabla hajatangaza.

Kipimajoto chake alikitundika kivulini, hapa shuleni. Lakini pupa walikuwa ndani ya intumba, yale matuta tunayofukia majani mabichi yaoze. Mfipa gani hajui kwamba intumba ina joto? Tulipokuwa wadogo tulichimbia miguu humo asubuhi za baridi. Masanja si wa huku, angejuaje? Ilihitaji sentensi moja tu kutoka kwangu. Nikanyamaza, ili hesabu yake ishindwe.

Juzi nilimweleza Agnesi. Akasema, "Kaka, ulikuwa unashindana na nani kwenye shamba langu?"

Mwalimu Edith, msimu huu nimepima joto la intumba kumi na mbili pale Pito, asubuhi na jioni. Daftari ni hili. Nimeliingiza joto hilo kwenye mstari wako, na zile siku nane zimeonekana zote. Hesabu yako ilikuwa sahihi.

Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Wewe unakwenda Morogoro kusoma zaidi, mimi Jumatatu narudi Kidato cha Pili B. Lakini daftari hili lichukue. Na siku ukiandika utafiti wako, usiniweke kwenye shukrani. Niweke pale unapoeleza kosa: andika kwamba kuna mtu alijua, akanyamaza.

Mgeni rasmi, wazazi wa Pito, na wewe dada yangu Agnesi uliyekaa pale nyuma, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.