Papa Léonard Bauma na Sarafu ya Mama Victorine

Baba Padri, wazee wetu, majirani mliopanda kilima hiki na matope yote haya, familia imemwomba binti yake wa mwisho, Kétsia, awasomee maisha ya Papa Léonard Bauma, na baada ya mabishano marefu imekubali yasomwe yote, hata ile sehemu ambayo baadhi ya wajomba walitaka irukwe.

Papa Léonard alizaliwa tarehe 3 Aprili 1955, hapa hapa Kirotshe, mtoto wa pili wa wakulima wa maharagi na mihogo, akasoma shule ya msingi kwa mapadri na sekondari hadi mwaka wa nne, 1973, baba yake alipofariki naye akarudi kushika jembe, jambo ambalo hakulilalamikia kamwe mbele ya watu, ingawa kila mtoto wake aliyeleta buletini ya shule nyumbani alimwona akiisoma mara mbili.

Mwaka 1978 aliajiriwa na koperative ya wakulima kupima maharagi, akazunguka Masisi yote na sehemu kubwa ya Walikale, na huko ndiko alikokutana na sarafu, kwa maana mkulima aliyeokota shambani faranga ya wakati wa Wabelgiji alimpelekea yeye, mtu wa mizani, amwambie ni kitu gani. Koperative ilifungwa na vita mwaka 1993, lakini watu hawakuacha kuja, naye akajifunza kutenganisha sarafu ya kweli na ya bandia ya kuyeyushwa kwa ukingo wake, uzito wake na mlio wake juu ya jiwe, akajua kwamba ile iliyokosewa kiwandani, yenye tundu lililokaa pembeni badala ya katikati, hutafutwa kuliko iliyo sawa, na kila aliyebisha mlango alimwambia asiioshe, kwa sababu ule weusi ni ngozi ya sarafu, ukiutoa umeichuna.

Tarehe 17 Julai 1982 alifunga ndoa na Mama Régine, Mungu akawapa Yves, Estelle, Noëlla na Kétsia, na Mama Régine, ambaye hakuchagua sarafu hizo, alizoea kufungua kopo akitafuta chumvi na kukutana na mfalme wa Wabelgiji.

Kila Jumapili baada ya misa meza yake iliwakusanya Papa Henri, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka karibu na soko, na Papa Guylain, mwalimu mstaafu, mmoja akitaka bei na mwingine akitaka mwaka, Papa Guylain akisema, "Weye Henri, hata ekaristi utaiuliza bei," na Papa Henri akijibu, "Na weye utaiuliza mwaka," kisha wote wakinyamaza wamsikie Papa Léonard, kwa sababu akisema neno lake, mjadala umekwisha.

Na hapo ndipo penye majuto, maana tarehe 12 Novemba 2023 alikuja Mama Victorine, mjane wa Ntoto, huko Walikale, aliyekuwa amekimbilia kwa ndugu zake hapa, ameshika sarafu kubwa ya madini ya fedha yenye tembo, ya mwaka 1944, ambayo marehemu mume wake, Darius, alimwekea mkononi siku alipokuja kumposa. Iling'aa kama sufuria mpya. Papa Léonard aliigeuza, akasema, "Mama, hii haiko ya kweli, bameiyeyusha juzi tu," na Papa Guylain, ambaye mzaha haumpiti, akaongeza, "Mama, kumbe muzee alikuoa na kijiko."

Meza ilicheka, na wengi waliocheka wako hapa. Mizani ya Papa Henri ya kupimia dhahabu ilikuwa dukani, ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyeifuata, kwa kuwa Papa Léonard alikwisha kusema. Mama Victorine hakulia, aliiweka sarafu mezani akasema, "Niliioshaka na majivu na ndimu, sababu kwetu hatupelekaki kitu chafu kwa muzee. Kama iko ya bongo, ya kudanganya, bakieni nayo." Wiki iliyofuata alirudi Walikale. Alikuwa amewapa jibu la ule mng'ao, amelisema kwa kinywa chake, kwamba aliiosha, na aliiosha kwa heshima yao, lakini masikio yote ya mezani yalikuwa bado kwenye kicheko.

Sarafu ilikaa mwaka mzima ndani ya kopo juu ya jiko, na Krismasi ya 2024 Papa Léonard alilifungua akakuta weusi umerudi nyuma ya sikio la tembo, polepole, kama fedha ya kweli inavyofanya, akaipeleka kwenye mizani ya Papa Henri, uzito wake ukalingana na wa sarafu kama hiyo aliyokuwa nayo Papa Henri mwenyewe. Papa Henri alitaja bei, akaeleza na kiasi kilichopotea kwa kuoshwa, lakini Papa Léonard alisema tu, "Nimemufanya Darius mwongo mbele ya bibi yake."

Juni 2025, njia ilipofunguka kidogo, alikwenda Ntoto, akaambiwa watu wamehamia Mpofi, akafika Mpofi, akaambiwa mama huyo ameingia mashamba ya mbali na hataki tena habari za watu wa sarafu, akarudi na mvua kifuani, kikohozi kisichoisha, akalazwa hospitali ya hapa Kirotshe tarehe 28 Agosti, na kila mlango ulipofunguka aliuliza kama kuna mgeni wa Mpofi, mpaka tarehe 9 Septemba 2025 alipofariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba kuni na maji, wenzake wa koperative waliobaki, na Papa Henri kwa jeneza. Lakini sarafu haiuzwi, wala haizikwi naye kama wajomba walivyopendekeza, kwani ni heshima gani kumzika mtu na mali ya mjane? Iko kwa Mama Régine, haijaoshwa, ikiwa na weusi wake wote. Baada ya matanga Yves ataipeleka kwa Mama Victorine, na Papa Guylain amekubali kwenda naye, ili, kama yeye alivyocheka mbele ya watu wa hapa, aseme mbele ya watu wa kule kwamba Darius aliposa kwa fedha ya kweli.

Papa, ulilala ukisikiliza mlango, sasa usiusikilize tena, tutakwenda kubisha sisi, pumzika kwa amani.