Kumpokea Hilaire, Aliyerudi na Ushuhuda

Mheshimiwa Mchungaji Mkuu, wazee wa kanisa, Papa na Mama Bagalwa mliotuzalia Hilaire, ndugu wageni waalikwa, wanakwaya, nanyi wanafunzi wangu wa shule ya Biblia ambao kuanzia kesho ni wanafunzi wake: amani ya Bwana iwe nanyi.

Nimeombwa nimkaribishe mwalimu mkuu wetu mpya. Ninamkaribisha. Mimi Kambere nimeishika kazi hiyo miaka minne nikiitwa wa muda. Kabla ya hapo, kama mnavyojua, tulikwenda wawili kwenye mahojiano ya nafasi moja ya masomo ya theolojia, na mmoja ndiye aliyepanda ndege kwenda Amerika. Mtaniambia wivu ni dhambi. Ninajua, somo hilo nalifundisha mwenyewe.

Lakini ninyi mnaomwona amenawiri, mnajua aliishi vipi? Alinieleza kwa simu kwamba katika mji ule Wazungu wana kanisa lao upande huu wa reli, Weusi wana lao upande ule, na saa ileile wote wanamwimbia Yesu mmoja. Yeye alipelekwa kwa Wazungu. Wakamkumbatia, wakamwombea yeye na Afrika nzima. Ila mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa mji huohuo, aliyefagia kanisa lao miaka thelathini, hakuna aliyejua jina lake.

"Kambere," aliniambia, "huku mimi ni mweusi wa kuombewa, ule muzee ni mweusi wa kuogopwa. Mimi walinipa mikro nihubiri wiki ya pili. Yeye hawajamupa hata siku moja."

Ndugu zangu, nilimhurumia mzee yule kuliko Hilaire. Ninajua maana ya kushika ufagio wakati mgeni anapigiwa makofi.

Hilaire anauhubiri Waraka kwa Warumi kutushinda sote. Nasema bila kinyongo, au nacho kidogo tu. Lakini kule hawakutaka Warumi. Walitaka ushuhuda wa vita. Na mtoto wa mtaa wetu wa Kyeshero, aliyekulia nyumba ya matofali, angeutoa wapi? Niliona video. Hilaire amesimama mbele yao, anasimulia alivyokimbia vita kutoka kijiji cha Kalengera kwa miguu, alivyoishi kambi ya Kanyaruchinya chini ya turubai, mama yake akiwagawia watoto chakula na kusema yeye ameshakula. Kanisa zima likalia.

Mama Bagalwa, usishtuke. Wewe hukuwahi kukaa kambini. Aliyekaa ni mama yangu, Mama Pascasie, yule pale benchi la nyuma, na mtoto nilikuwa mimi. Nilimsimulia Hilaire mara moja tu, tukingoja mlangoni siku ya mahojiano. Alipochukua nafasi ya masomo niliona wivu. Siku ya video niliionea wivu hata njaa yangu, maana ilifika Amerika, mimi nikabaki.

Hilaire, ulinipigia simu ukiomba msamaha. Ulisema uliogopa kwamba wakikuona huna jeraha, watakuweka fungu moja na yule mzee. Nilikuamini, na bado ninakuamini.

Basi ufunguo wa ofisi huu hapa, nami nitafundisha darasa utakalonipa. Ila kabla hujaupokea, shuka jukwaani, nenda hadi benchi lile la nyuma, uwaambie watu hawa Mama Pascasie ni mama wa nani.

Ninawashukuru nyote kwa uvumilivu wenu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa tumsikilize yeye.