Basili Nangonga, Mkwe wa Kibosho

Baba Paroko, viongozi wa mkoa, ndugu na majirani mliopanda hadi hapa Kibosho, familia inawaletea maisha ya Mzee Basili Nangonga, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1943 huko Mueda, Msumbiji, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1961 akaja nchini kukata mkonge, kisha akajifunza uashi mjini Moshi, kazi iliyomleta hapa kujenga nyumba ya Mzee Thadeus, ambaye binti yake, Mektrida, alifunga naye ndoa tarehe 6 Julai 1974, wakajaliwa Doris, Lucky na Pamela.

Alipata uraia mwaka 1979, na mwaka 1994 akagombea udiwani wa Kiboriloni, alikoishi, ambako baba mkwe wake, Mzee Thadeus, alimuunga mkono mpinzani, akasema mbele ya soko zima, "Huyu hana hata mgomba mmoja, atatuongoza nini?" naye Basili akajibu, "Baba, mgomba sina, lakini nyumba unayolala nimeijenga mimi." Soko lilicheka, wao wawili hawakucheka, na hawakusalimiana tena.

Alishinda, na mwaka 1997 alikuwa tayari mjumbe wa kamati ya chama ya mkoa, Mzee Thadeus alipomtuma mwanawe, Sirili, ampelekee jani la isale, ambalo kwetu Uchagani ni ombi la msamaha na halikataliwi. Sirili hakueleza, maana hakuna anayeelezwa isale. Basili aliyajua masale kama mimea ya mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, tu, akadhani anaonyeshwa mpaka wake, akalirudisha. Mama Mektrida, aliyekuwa Dar es Salaam kwa binti yao Doris aliyejifungua, aliporudi alimweleza alichokataa, naye akashika kichwa, akasema atapanda Kibosho Jumapili, lakini Jumapili ikaja na mkutano, iliyofuata ikaja na ugeni wa chama, hadi Mzee Thadeus akafariki tarehe 2 Juni 1998. Kaburi lile pale alilijenga Basili mwenyewe, hakutaka fundi mwingine aliguse.

Aliugua figo tangu mwaka 2002, akafariki tarehe 19 Agosti 2004. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kiboriloni, madiwani na mafundi wenzake. Si desturi mkwe kuzikwa kwenye kihamba cha ukweni, lakini aliomba, na ukoo umempa nafasi kando ya Mzee Thadeus.

Mzee Basili, amani uliyoichelewa, pumzika nayo sasa.