Historia ya Winfrida, Aliyekataa Kurudishwa Busawe

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni mjukuu wangu Heche, ila maneno ni yangu mimi Bhoke, niliyeishia darasa la pili, kwa hiyo atakayesikia kosa avumilie.

Winfrida Rubeni alizaliwa tarehe 12 Mei 1974 Busawe, wilaya ya Serengeti, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1983 hadi 1989, akamaliza la saba. Tarehe 7 Agosti 1993 nilimwoa mimi mwenyewe kwa ng'ombe wangu, nikamleta hapa Genkuru, kwa kuwa nilizaa mabinti watupu, na desturi yetu ya nyumba ntobhu humruhusu mama wa namna hiyo kuoa mwanamke, amzalie wajukuu, mji usizimike. Mji haukuzimika, alizaa Ghati mwaka 1994, Heche 1997 na Felix 2001.

Mwaka 1996, watu walipofurika Nyamongo kufuata dhahabu, Winfrida naye alikwenda kuponda mawe, akakaa juu ya mawe hayo miaka kumi na saba, na ulimi wake wachimbaji waliuogopa kuliko polisi.

Februari 2013 alianza kutoka damu chooni. Sisi hapa kila mwanamke mponda mawe akitoka damu tunasema ni bawasiri ya kukaa juu ya mawe, na mimi nilisema hivyohivyo, nikamchemshia mizizi miezi minane, naye akakonda huku nikimwambia inafanya kazi. Tarehe 4 Novemba 2013 Ghati alimpeleka Mwanza bila kuniuliza, wakakuta saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini. Alipasuliwa, akawekewa mfuko wa choo tumboni, na Januari 2014 akaanza dripu za kemo, kila wiki ya tatu anapanda basi. Wiki ya kwanza alikuwa mgonjwa, anatapika, maji ya baridi yanamchoma vidole kama moto, lakini wiki mbili zilizobaki alikuwa mtu kamili, anasaga ulezi, anauza uji kwa waponda mawe wenzake, na aliyekunja pua kwa sababu ya mfuko aliambiwa hata yeye anao, ila wake umefichwa ndani.

Machi 2015 kaka yake Waisiko alikuja kusema dripu zinamtesa bure, atarudisha ng'ombe zangu, amchukue dada yake akafie kwao Busawe. Nami, kwa kuchoka kumsikia akitapika, nilikubali, na hilo nalisema mbele yenu. Winfrida alimuuliza kaka yake kama ng'ombe hao atawarudisha pamoja na ndama waliozaa, maana ndama wake yeye watatu wako hapa na hawaachi, kisha akanigeukia akaniambia, mama, mizizi ulinichagulia wewe, dripu nachagua mimi. 

Alichagua mwaka mmoja na zaidi. Alimwona Heche akimaliza shule, akavuna mihogo misimu miwili, akagombana nami karibu kila siku. Juni 2016 daktari alimwambia dawa haizuii tena, naye Winfrida akasema basi inatosha, arudi nyumbani kwake, na nyumbani kwake akamaanisha hapa. Alifariki kitandani mwake Ijumaa tarehe 23 Septemba 2016, mchana, watoto wote wakiwepo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza waliomweleza ukweli bila kumtisha, majirani waliomchotea maji na kuyapasha moto, na waponda mawe wa Nyamongo walioacha kazi leo. Namshukuru na Waisiko, aliyefika jana, akavua shati, akachimba kaburi hili mwenyewe, mbele ya mlango wa dada yake.

Pumzika, mkwe wangu, hakuna tena wa kukuhamisha.