Bi Kikombe na Koki ya Tangi Namba Sita

Miaka thelathini na minne na miezi mitano: huo ndio muda ambao Bi Kikombe ameutumikia mvinyo wa kiwanda hiki. Ijumaa tarehe 28 atakabidhi funguo za ghala la mapipa na kustaafu rasmi.

Alianza chumba cha kuoshea chupa, chupa 900 kwa zamu. Miaka sita baadaye akahamia kwenye mapipa, na kutoka hapo hadi mchanganyaji mkuu hakubebwa na mtu. Jina la utani alilipata kwa sababu wageni wakionja kwa glasi za miguu mirefu, yeye huonja kwa kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Tena haonjei maabara. Huenda kantini saa saba, akaomba sahani, akatafuna huku akinywa. Hoja yake ni kwamba hakuna mteja anayekula maabara.

Ndiyo maana tukiulizwa mvinyo wetu mwekundu mkali uandamane na chakula gani, tunajibu bila kusoma popote: nyama ya kuchoma yenye mafuta yake, mchuzi mzito wa ng'ombe, uyoga wa kukaanga, jibini kavu. Meneja mauzo aliwahi kuuweka mbele ya samaki wa kuchemsha. Bado anakumbuka alivyoulizwa na Bi Kikombe: mjomba, huyo samaki amekukosea nini?

Mvinyo huo ni asilimia 48 zabibu za bondeni, laini, zenye ladha ya matunda yaliyoiva. 32 za mlimani kwenye mawe, zenye ngozi nene na ukakasi wa kukaza ulimi. Na 20 za mizabibu mikongwe nyuma ya karakana, zinazoleta harufu ya pilipili manga. Kipeperushi cha ofisi kinasema uwiano huo ulitokana na utafiti wa kina. Utafiti wa kina!

Ukweli ni huu. Miaka ishirini na miwili iliyopita, mtu alifungua koki ya tangi namba sita bila kuangalia mpira wa kupitishia mvinyo uliotumika jana ulikuwa bado umeunganishwa wapi. Lita 2,400 za mlimani zikaingia kwenye lita 3,600 za bondeni. Watu walishika vichwa. Bi Kikombe alishika kikombe. Akaonja, akaenda kantini, akarudi na kuagiza lita 1,500 za mizabibu mikongwe ziongezwe. Piga hesabu mwenyewe. Tangu siku hiyo uwiano haujaguswa, na umeleta medali kumi na moja.

Yeye aliletewa barua ya onyo kwa uzembe. Sherehe kumi na moja, hotuba kumi na moja, na hakuna aliyekumbuka kuitoa kwenye jalada lake.

Aliyefungua koki ni mwandishi wa wasifu huu. Nilikuwa wiki ya saba ya majaribio, na nyumbani nina mapacha wa siku kumi. Nilipotaka kukiri, alinikanyaga mguu mbele ya meneja, kisha akaniambia nikalee watoto. Mapacha hao sasa wamemaliza chuo, na wanamwita shangazi.

Jumatatu nilipeleka maelezo yangu ofisini, kurasa mbili, kwa maandishi. Barua yake imetolewa. Anaondoka na jalada safi. Barua yangu ya onyo nimeipokea jana, na nimeshainunulia fremu.

Asante, dada. Tunakutakia siku ndefu na meza isiyokosa watu. Kikombe ondoka nacho. Hakimo kwenye orodha ya mali, nimekagua.