Fremu ya Alumini ya Mama Yu-chen

Kwenye treni ya kwenda Taichung, mama aliyeketi mbele yangu, aliyejitambulisha kama Yu-chen, alimwonyesha kijana wa pembeni yake picha ya bastola yake ya mchezo, ile ya kurusha vidonge vya plastiki.

"Fremu ya plastiki nimeitoa, nikaweka ya alumini. Timu yangu, ninayokwenda kucheza nayo leo, walicheka, wakasema nitaivunja. Nimeipiga tupa mwenyewe mpaka ikakaa."

Kijana, naye mchezaji, akaguna. "Shangazi, umeiongezea uzito tu. Dukani wangekufungia vizuri zaidi."

"Wangefunga, ndiyo. Lakini ingekuwa kazi yao."

"Ikikwama leo uwanjani?"

"Nitaifungua mwenyewe, mwanangu, hao waliocheka wakinitazama."

Mimi nilijifanya nasoma. Treni iliposimama, kijana akataka kumbebea begi. Mama akakataa, akatangulia kushuka.